Je, gari la kujiundia linafaa kumilikiwa na kuendeshwa hapa Tanga?

Mkaazi wa Raskazone (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa wote waliomo humu.

Nimeletewa gari ambalo sijui hata niliite kwa jina gani. Kadi yake inasema ni Volkswagen, lakini atakayelitazama hataiona Volkswagen yoyote: ni bodi ya faibaglasi ya rangi ya chungwa, haina milango wala paa, taa zake mbili zimetokeza mbele kama macho ya kaa, na injini imekaa nyuma wazi kabisa, kila apitaye anaiona. Anayeliuza ni bwana mmoja aliyekuwa akifanya kazi za mashua hapa mjini na sasa anahama. Ananieleza kwamba bodi ilinunuliwa ikiwa vipande, kisha ikapachikwa juu ya chasisi ya Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyokatwa na kufupishwa, na kwamba kazi yote ilifanyika uani kwake. Anataka shilingi milioni 8.

Nililiendesha kutoka Raskazone hadi Ngamiani na kurudi, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka peke yangu nikiwa nyuma ya usukani. Tatizo ni kwamba nilipofika nyumbani, mke wangu alilizunguka mara moja, akaniuliza maswali matatu ambayo mpaka sasa sijayajibu: watoto watakaa wapi, mvua ikinyesha itakuwaje, na likiharibika fundi wake ni nani.

Naomba wale waliowahi kumiliki gari la namna hii, yaani gari ambalo mtu hununua vipande vyake na kujiundia mwenyewe, wanieleze raha yake na karaha yake bila kunificha.

Mzee wa Chumbageni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi ninalo la jamii hiyohiyo, huu ni mwaka wa 11, na sijaliuza, ingawa kuna siku niliwahi kuliacha barabarani nikarudi nyumbani kwa daladala bila hata kugeuka kulitazama.

Kwanza ujue ulichoonyeshwa. Mwaka 1964, huko California, Marekani, bwana mmoja aitwaye Bruce Meyers, aliyekuwa na ujuzi wa kuunda mashua za faibaglasi, alitengeneza bodi nyepesi ya kuendeshea kwenye fukwe, na baadaye akaipachika juu ya sakafu ya Volkswagen aliyoikata na kuipunguza urefu kwa takriban sentimita 36. Gari lake liliitwa Meyers Manx, na umbo lake likaigwa karibu kila nchi yenye mchanga. Siri yake ni ndogo: injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo uzito unayakandamiza mchangani badala ya kuyaacha yazunguke bure. Siri hiyohiyo ndiyo kasoro yake kwenye lami, kwa sababu mbele kunabaki kwepesi mno, na ukikanyaga breki kwa ghafla barabara ikiwa na maji, magurudumu ya mbele hufunga na gari huendelea kwenda lilikokuwa likienda, hata kama usukani umeugeuza wote.

Sasa nianze na karaha, na ya kwanza ni umeme. Gari la kawaida la bati hutumia bodi yake yenyewe kurudishia umeme kwenye betri, kwa hiyo fundi anatafuta boliti yoyote iliyo karibu, anafunga waya hasi hapo, na mambo yanakwisha. Faibaglasi haipitishi umeme. Kila taa inahitaji waya wake hasi unaosafiri mpaka kwenye chuma cha chasisi, na aliyeunda gari akiona uvivu, ataunganisha taa tatu au nne kwenye waya mmoja mwembamba. Gari langu lilikuwa hivyo. Usiku mmoja nikitoka Pangani, kila nilipokanyaga breki taa za kugeukia zilikuwa zikiwaka, na nilipowasha taa kubwa geji ya mafuta ilipanda ikaonyesha tangi limejaa. Mafundi umeme watatu walinibadilishia balbu, fyuzi na swichi, kila mmoja akaondoka na fedha yake, na hali ikabaki ileile. Nilichukua siku mbili mwenyewe, nikang'oa waya zote hasi, nikavuta mpya moja moja hadi kwenye boliti moja niliyoipiga msasa mpaka ikang'aa, na tangu hapo sijapata tatizo hilo tena. Nakwambia hivi kwa sababu ndilo jibu la swali la tatu la mkeo: fundi wa gari hili ni wewe. Si kwamba mafundi wetu hawajui kazi, bali hakuna gari lingine mjini lililofungwa kama lako, na mtu hawezi kukumbuka alichokuwa hakukiona kamwe.

Injini yenyewe haisumbui ukiielewa. Haina radieta, inapozwa kwa upepo wa feni na kwa oili, na oili yake ni lita mbili na nusu tu, kwa hiyo lita hizo ndogo zinafanya kazi kubwa na lazima zibadilishwe mapema. Mimi sipitishi kilomita 5,000. Katika muda huohuo pima nafasi za valvu kwa fila geji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15 kila moja. Silinda ya tatu iangalie kwa makini zaidi, kwani katika injini za kabla ya modeli za 1971 kipozeo cha oili kimesimama mbele ya njia yake ya upepo, na joto lake huwa juu kuliko la wenzake. Na ukiona taa nyekundu ya chaji imewaka njiani, simama hapohapo. Usijiambie kwamba nyumbani ni karibu. Mkanda unaozungusha dainamo ndio huohuo unaozungusha feni, na ukikatika injini inabaki bila upepo. Mimi nilijiambia nyumbani ni karibu, na huo ndio mwaka niliorudi kwa daladala.

Bodi isikutishe. Ikipasuka, mafundi wa boti za faibaglasi wataiziba kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na rezini kwa nusu siku, ila uwasihi wachanganye dawa ya kukaushia kidogo kidogo, maana kwa joto letu rezini huganda ndani ya kopo kabla brashi haijafika kwenye bodi. Niliwahi kujaribu kutumia nyuzi za katani badala ya kitambaa cha kioo, kwa kujidai kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Kiraka kilikuwa imara mpaka masika. Kisha katani ikanywa maji pembeni, ikavimba, nikakibandua kwa kidole.

Na raha? Injini hiyo imeshikwa kwenye gia boksi kwa boliti nne. Mimi na kijana wangu tunaishusha chini kwa jeki asubuhi na kuirudisha kabla ya adhuhuri. Alfajiri ya Jumapili tunatoka kuelekea Tongoni, kusi ikivuma kutoka baharini, unasikia harufu ya chumvi, ya moshi wa kuni, ya mikoko, na hakuna kioo kati yako na hayo yote. Kijana wangu, ambaye nyumbani hazungumzi zaidi ya maneno kumi kwa siku, akiwa ndani ya gari lile haachi kusimulia. Ila jiandae kuchelewa: kila kituo cha mafuta utakuta mkutano, na swali ni lilelile, hiki ni kitu gani.

Mtu wa IST

Kwa heshima zote, kwa milioni 8 ukiongeza kidogo unapata Toyota IST yenye paa, milango minne, kiyoyozi na fundi katika kila mtaa. Maswali yote matatu ya shemeji yetu yanajibiwa kwa gari moja. Mimi sipingi starehe ya mtu, lakini swali liliuliza kama linafaa, na kufaa na kupendeza ni mambo mawili tofauti.

Binti wa Muheza

Shikamoo Mzee wa Chumbageni. Kaka wa Raskazone, salaam, na wewe Mtu wa IST, nakukubalia ikiwa kaka hana gari lingine. Kama hana, anunue IST leo. Hii ni mali ya mtu ambaye tayari ana usafiri wa kumpeleka mtoto hospitali usiku wa mvua.

Nalisema hilo nikiwa mmiliki. Langu ni la ukoo mwingine, lile jembamba refu la viti viwili lililoanzia kwa Lotus Seven ya Colin Chapman, Uingereza, mwaka 1957. Wakati ule gari lililokamilika lilitozwa kodi ya mauzo, na lililouzwa kwa vipande halikutozwa, kwa hiyo mwenye fedha kidogo alinunua vipande akavifunga mwenyewe. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa, ikaja kodi ya ongezeko la thamani na nafuu ikaisha. Mwaka huohuo Lotus iliuza haki za gari hilo kwa Caterham, ambao wanaliunda hadi leo. Nawaeleza haya kwa sababu watu hudhani gari la kujiundia ni mchezo wa matajiri, kumbe lilienea kwa watu waliokuwa wakikwepa gharama.

La kwangu halikutoka Uingereza. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na alilichomelea fremu yake kwa mabomba ya pembe nne ya milimita 25, akaifunika kwa bati la alumini, kisha akachukua injini ya 4K ya sentimita za ujazo 1,290, gia boksi na difu kutoka kwenye Corolla KE70 iliyokuwa imeliwa na kutu hadi milango ikadondoka. Ilimchukua miaka minne. Nilikuwa namshikia tochi.

Karaha zake? Macho yangu yakiwa barabarani yako sawa na nati za gurudumu la lori, na dereva wa lori hanioni kabisa. Kwenye njia ya Segera sikai ubavuni mwa lori hata kwa nukta moja. Ama niko nyuma mbali, ama nimeshapita. Matuta yanakwaruza sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ndiyo maana baba aliweka kibati cha chuma chini yake, na kibati hicho nimeshakibadilisha mara mbili. Ekzosi inapita nje ubavuni, na nina alama yake kwenye shavu la mguu kwa sababu nilishuka nikiwa nimevaa dera na akili yangu ikiwa kwenye soko. Miguu inaungua kwa joto la gia boksi. Mvua ikinyesha unalowa, na hakuna maneno mengine ya kuongeza hapo, ingawa nimegundua kwamba ukiwa kwenye mwendo mvua nyingi hupita juu ya kioo cha mbele, na mateso halisi huanza unaposimama kwenye foleni na watoto wa shule wanakutazama.

Lakini gari zima halizidi sana nusu tani, na injini ile ya babu, ambayo ndani ya Corolla ilikuwa ikilalamika kwenye kila mlima, humu inaruka. Unapokata kona unahisi gurudumu la mbele likigusa kokoto, na unaliona kwa macho yako likifanya hivyo, kwa kuwa liko nje ya bodi. Nikiendesha gari la ofisi baadaye naona kama nimekaa juu ya godoro.

Ninalotofautiana kidogo na Mzee ni hili: wewe hukuliunda. Baba yangu alijua kila boliti, na mimi najua nusu yake kwa sababu ya ile tochi. Anayenunua gari lililoundwa na mwingine ananunua pia siri za huyo mwingine, nzuri na mbaya. Kabla ya kutoa senti, lipandishe juu ya mawe, ulale chini yake. Tazama mahali chasisi ilipokatwa na kuunganishwa: je, uchomeleaji umeingia ndani ya chuma au umelala juu tu kama tope lililokauka? Tazama upande wa kulia nyuma, ambako betri ya Volkswagen hukaa, kwani asidi na kutu vimekula sakafu nyingi hapo, na chumvi ya Raskazone haijawahi kuionea huruma chuma ya mtu. Fimbo ya gia nayo hufupishwa sakafu inapofupishwa. Likikataa kuingia gia ya kwanza au ya nyuma, umeshajua pa kuanzia. Mwisho, shika mipira ya petroli karibu na injini. Ikiwa migumu au ina nyufa, usiliwashe tena kabla ya kuibadilisha, na ununue kizima moto.

Karani Mstaafu

Wenzangu wamezungumzia chuma, mimi nitazungumzia karatasi, na nitakuwa mfupi.

Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Kwenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, namba ya chasisi imegongwa kwenye mgongo wa kati wa sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na namba ya injini iko kwenye bloku, chini ya kikalio cha dainamo. Zisome zote mbili mwenyewe kwa tochi na brashi ya waya, usisomewe. Kisha nenda na muuzaji TRA kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Kuhusu bima, ile ndogo ni lazima kisheria na kwa kawaida haina mgogoro. Bima kubwa ndiyo yenye maneno. Jamaa yangu mmoja alilikatia gari lake la kujiundia bima kubwa kwenye kampuni moja, likagongwa, na wakati wa kulipwa akaambiwa kwamba kilichoandikwa kwenye mkataba ni Volkswagen ya zamani, kwa hiyo atalipwa thamani ya Volkswagen ya zamani, siyo ya kile alichokijenga. Alikuwa hana picha, hana risiti, hana tathmini. Ukiamua kulichukua, lifanyiwe tathmini ya maandishi, lipigwe picha pande zote pamoja na chini, na mkataba uandike wazi kwamba bodi ni ya faibaglasi na chasisi imefupishwa.

Mkaazi wa Raskazone (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana, hasa dada wa Muheza, kwa kuwa nilifanya kama alivyoagiza, na nguo zangu ni shahidi. Gari la familia ninalo, kwa hiyo Mtu wa IST asiwe na wasiwasi.

Uchomeleaji wa sakafu ni mzuri. Nilimchukua kijana wa gereji ya jirani akaugonga kwa nyundo na kuukagua, naye ameridhika. Upande wa betri kuna tundu la ukubwa wa kiganja lililozibwa kwa puti na kupakwa lami. Mipira ya petroli ilikuwa na nyufa, na mmoja ulikatika mkononi mwangu, nikashtuka kuliko nilivyotaka muuzaji aone.

Jambo linaloninyima usingizi ni la Karani. Namba iliyoko kwenye chuma inaanza na 118. Namba iliyoko kwenye kadi ni nyingine kabisa, na kadi inasema gari ni la mwaka 1974. Nilipomuuliza muuzaji, alijibu bila kusita kwamba alinunua Volkswagen mbili mbovu, moja kwa ajili ya sakafu na nyingine kwa ajili ya karatasi, na kwamba wote wafanyao kazi hii hufanya hivyo. Je, ni kweli, na naweza kulirekebisha baadaye likiwa mkononi mwangu?

Karani Mstaafu

Usilirekebishe baadaye. Namba zinazoanza na 11 ni za mgongo wa kobe, na tarakimu ya tatu katika miaka ile ilionyesha mwaka wa modeli, kwa hiyo 118 ni gari la modeli ya 1968. Kwa maana hiyo chuma ulichokikagua na gari lililo kwenye kadi ni vitu viwili, na siku utakaposimamishwa na askari wa usalama barabarani akainua kiti, utakayetakiwa kueleza ni wewe, naye mwenzako atakuwa ameshahama. Sisemi kwamba yeye ni mwizi. Inawezekana kabisa hadithi yake ni ya kweli na alinunua sakafu kwa halali. Basi na alete hati ya mauzo ya sakafu hiyo, au kadi yake ya zamani, na aanzishe yeye marekebisho kwa jina lake. Likikamilika, nunua. Lisipokamilika, umepoteza siku mbili na shati moja.

Binti wa Muheza

Naungana na Karani. Na lile tundu la betri likupunguzie angalau milioni moja, kwa sababu aliyelipaka lami alijua lipo.

Mzee wa Chumbageni

Sina la kuongeza kwenye karatasi, Karani amemaliza. Kwenye chuma nakuongezea moja tu. Ikiwa sakafu ni ya 1968, yaelekea ekseli za nyuma ni zile za zamani zinazobembea kutoka kwenye gia boksi, na ukiingia kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, gurudumu la nje hujikunja kuingia chini ya gari na nyuma inanyanyuka. Hilo ndilo lililomwogopesha mke wangu siku ya kwanza, na alikuwa na haki. Punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani yake.

Mwambie muuzaji unampa wiki mbili za kutafuta karatasi. Katika muda huo, ukitaka kujua kama kazi hii unaiweza au unaipenda kwa macho tu, njoo kwangu Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijawasha injini, nikuonyeshe valvu zinavyopimwa. Mje na mama watoto, atakaa na wangu, na nadhani watakuwa na mengi ya kuzungumza. Wewe njoo na nguo za kuchafua.

Mkaazi wa Raskazone (mwanzisha mada)

Nitafika, mzee wangu. Muuzaji amezikubali wiki mbili, ila amekataa kupunguza ile milioni moja.

Binti wa Muheza

Mpelekee picha ya tundu.